Wali maharage kwenye presha kuka, navyopika mimi huku Mbeya nikitoka kazini

Watu wa Dar wakisikia nalalamika maharage hayaivi wanadhani nazidisha, lakini aliyekaa Mbeya ananielewa. Haya haya maharage ya njano mnayoyasifia huko kwenu huku yanapolimwa unayabandika mkaani saa nane na jioni bado unabonyeza moja kwa kidole unakuta kiini kigumu, na sio maharage mabaya, ni mwinuko tu. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari so maji yanachemka yakiwa kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, unayaona kabisa yanatokota lakini joto halipandi tena pale hata ukiongeza ndoo nzima ya mkaa. Presha kuka inafunga mvuke ndani na joto linapanda mpaka nyuzi 110 na zaidi, ndo maana mi nasema hiki kitu kwa watu wa nyanda za juu sio anasa kabisa, Mbeya, Njombe, Iringa, Makete huko ndo kwenyewe.

Yangu ni ya umeme ya lita 6. Kabla sijanunua shangazi yangu alikuwa ananikataza, "mwanangu hilo litakuja kukulipukia usoni", na woga wake ulikuwa na msingi maana zile za zamani za kuweka juu ya jiko ukiziba njia ya mvuke ilikuwa hatari kweli. Hizi za umeme zina kipini kidogo kwenye mfuniko, presha ikijaa kinapanda na kulifunga dude zima, huwezi kufungua mpaka kishuke. Nilimkalisha jikoni akaangalia kinavyopanda, kinavyoshuka, kisha nikamwambia shangazi fungua sasa. Akafungua mwenyewe. Siku hizi akija ananiuliza tu leo umeloweka?

Kuloweka ndo kazi yenyewe hapa, jamani msikwepe. Nayachambua usiku, vijiwe huwa vipo hata kwenye yale ya bei, nayaosha naweka maji mengi yanalala mpaka kesho, asubuhi namwaga yale maji nabadilisha mengine naenda zangu kazini. Nikirudi nayaweka kwenye presha kuka na maji mapya yanayopita maharage kwa vidole viwili, kitunguu nusu, kijiko kimoja cha mafuta ili povu lisipande likaenda kuziba njia ya mvuke, chumvi kidogo. Nyanya siweki kabisa hatua hii, uchachu wake unayafanya maharage yagome kulainika. Magadi pia siweki, yanalainisha kweli lakini yanaharibu ladha na baadhi ya vitamini, na ukiwa na presha huyahitaji. Jungu halizidi nusu maana maharage yanavimba.

Dakika zangu ni 15 kwa yaliyolowekwa, na hapa sikiliza vizuri: kitabu kinachokuja na jiko kinaandika muda wa watu wa usawa wa bahari, huku juu ongeza kama sehemu ya tano ndo unapata sawa. Yasiyolowekwa yanataka 40 mpaka 45 na bado yanaiva kwa kupishana, mengine yamepasuka mengine yako imara. Maharage ya msimu uliopita yaliyokaa sana stoo hasa sehemu za joto yanakuwa na ukaidi wake, hayo nayaongezea dakika 10 mwanzoni kabisa sisubiri. Kingine kama jiko lako lina kitufe cha kupika polepole usikitumie kwa maharage mabichi hasa yale mekundu makubwa, yana sumu ya asili inayotaka mchemko mkali kwa dakika 10 na zaidi ndo iishe, joto dogo la masaa mengi haliiondoi, na tumbo utakaloumwa utalikumbuka.

Muda ukiisha siachii mvuke. Nakaa. Dakika 20 presha inashuka yenyewe, ukiachia haraka supu inachemka kwa fujo humo ndani, maganda yanapasuka na povu linaruka kwenye kitundu linachafua ukuta. Hizo dakika 20 ndo nakuna nazi, nakamua tui zito naliweka pembeni, nakamua la pili jepesi.

Sasa wali. Nahamishia maharage kwenye sufuria, naosha jungu, naweka mchele wa Kyela uliooshwa na tui jepesi. Kipimo hapa kinabadilika na ndo panapowashinda wengi: kwenye sufuria ya kawaida umezoea kikombe kwa vikombe viwili, kwenye presha mvuke hautoki so maji hayapungui, kikombe kimoja cha mchele kwa kimoja na robo cha tui jepesi kinatosha, ukiweka viwili unapata bokoboko. Chumvi, iliki mbili, dakika 5 za presha, naacha itulie dakika 10. Tui zito usilipike na presha, linakatika mafuta yanajitenga, na likigusa chini linaungua jiko linaanza kulia. Lile la wali nalimwagia juu nikishafungua, kidogo tu, nageuza taratibu kwa uma narudisha mfuniko, joto lililobaki linalinywesha. Wali unachambuka punje punje na harufu ya Kyela inabaki yote maana haikupata pa kutorokea. Ukoko ndo haupo, na mi ukoko naupenda, so siku nikiutaka napika wali kwenye sufuria na kupalia mkaa juu.

Wakati wali uko kwenye presha ndo naunga maharage pembeni: kitunguu mpaka kiwe rangi ya dhahabu, kitunguu saumu, nyanya mbili zilizoiva sana nazikaanga mpaka mafuta yaelee, karoti ya kukwangua, hoho mwishoni. Namimina maharage na supu yake, naponda kama upawa mmoja kwa mwiko ili rojo lishike, mwisho tui zito moto mdogo nakoroga bila kuacha. Kuna wanaotaka kuweka kila kitu kwenye presha kwa pamoja, nyanya tui mafuta wafunge waondoke, mi siwaungi mkono, presha inaivisha tu, utamu wa maharage unatoka kwenye kuunga. Sahani ya huku inakamilika na kipande cha parachichi la Rungwe pembeni.

Umeme watu wanauogopa bure. Linaandika wati 1,000 lakini likishapata presha linazima na kuwaka lenyewe, maharage nusu kilo yanakula kama nusu uniti hivi au pungufu, na uniti kwa bei ya kawaida ya LUKU ni kama shilingi 356, so unaongelea mia na themanini hivi, linganisha mwenyewe na mkaa wa mchana mzima. Umeme ukikatika katikati usifungue, presha iliyomo inaendelea kuivisha kwa muda mzuri tu, mara nyingi nakuta yameshaiva kabla haujarudi.

Mwisho ule mpira wa kwenye mfuniko utoe kila ukimaliza, uoshe, uache ukauke nje ya mfuniko maana unashika harufu ya vitunguu na wali wa kesho utanukia maharage. Ukiona umelegea au una ufa nunua mwingine, presha haitashika na utalaumu jiko bure.