Kumbe tatizo la gari lilikuwa bushi tu (vile vimpira vyenye bomba la chuma katikati), ndugu zangu!

Jamani ndo natoka gereji Ndeeba hapa Kampala saa hizi, mikono bado ina grisi lakini moyo mweupe kabisa.

Prado yangu ya 1998 tangu turudi kutoka mbuga ya Kidepo mwezi uliopita ilikuwa inagonga mbele, kila shimo ko ko ko, usukani unavuta kushoto na tairi zinalika upande wa ndani. Fundi wa kwanza aliniambia ninunue mikono ya chini yote miwili mipya (vyuma vinavyoshika tairi za mbele kwenye fremu, bushi zinakaa humo), shilingi milioni na zaidi. Nilikosa usingizi.

Leo mzee mmoja akaipiga jeki, akaingiza mtaimbo chini ya mkono akanyanyua kidogo tu, nikaona kwa macho yangu mpira wa bushi umepasuka na bomba la katikati linacheza. Lakini mkono wenyewe mzima!

Basi nikapanda boda mpaka soko la spea la Kisekka nikachukua bushi nne na boljointi mbili mpya (kile kiungo cha mviringo kinachounganisha mkono na upande wa tairi; ya mtumba sichukui, ikichomoka tairi linalala), tukaenda kwa mwenye presi, mashine ya kusukuma bushi, bushi za zamani zikatoka kwa mlio.

Kilichonigusa, mzee alikataa kukaza bolti gari likiwa juu. Alilishusha kwanza likakaa kwa uzito wake ndo akalala chini kwenye vumbi akakaza, anasema ukikaza likiwa linaning'inia mpira unajipinda na kukatika mapema.

Nilimwangalia nikanyamaza.

Kesho alaimenti, kunyoosha tairi. Nyie wenzangu mnabadilisha bushi tu au mkono mzima? Na kwa barabara zetu, bushi za mpira au za poliyurethani, ile plastiki ngumu?