Nyuma ya gari ilikuwa ngumu hata baada ya shokapu mpya: nilivyotatua

Gari langu la zamani la springi za koili lilikuwa likipita kwenye tuta, nyuma inarusha abiria kama mkokoteni. Nilipunguza upepo wa tairi, nikabadilisha shokapu, hali ileile.

Kumbe ni bushi (raba za kwenye viungo) za mikono ya nyuma, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu na bodi. Zilikuwa mpya kabisa, ila zilikazwa gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Raba hushikwa katika mkao uleule uliopo nati inapokazwa. Gari likishuka, raba inabaki imejisokota na kuuzuia mkono kucheza.

Nililegeza nati zote, nikalishusha lisimame kwa matairi yake, nikalitikisa likatulia, ndipo nikakaza. Ulaini ulirudi palepale! Fanyia sakafu tambarare, na uzuie magurudumu kwanza kabla hujaingia chini.