Intavyuu za kampuni za AI: usinyamaze

Vijana wa hapa Malindi wananiuliza sana intavyuu za kampuni za AI (akili bandia) zinakuwaje, haswa hizi za Marekani unazofanyia nyumbani, basi leo naandika niwajibu wote.

Mwanzo si mgumu. Mtu wa ajira anakupigia mnaongea, halafu unatumiwa testi ya mtandaoni ya kuandika kodi (code, maagizo ya kompyuta), ukiwa umezoea lugha ya Python utapita. Uliza mapema kama unaruhusiwa kutumia AI, kila kampuni na sheria yake. Shughuli iko kwa ile ya laivu, mtu anakutazama ukiandika. Na masaa yake sasa, saa nne asubuhi ya San Francisco huku ni saa mbili au saa tatu usiku kulingana na msimu, ndo nyumba imejaa watu, na stima ikiamua kupotea inapotea. Chaji laptopu mchana na uweke bando kwa simu.

Swali moja nililopewa nitaeleza vizuri. Niliambiwa niandike atensheni, ile hesabu ya modeli kuamua kila neno liangalie maneno gani mengine, ya Transformer (muundo wa modeli wa watafiti wa Google 2017), kwa NumPy tupu, yaani maktaba ya hesabu ya Python. Ni mistari michache tu, nikaandika. Yule dada aliyenihoji akauliza, mbona unagawanya alama za maneno kwa kipeuo cha pili cha d, yaani urefu wa vekta (orodha ya namba za kila neno)? Nikamwambia vekta zikiwa ndefu zile alama zinakuwa kubwa mno, softmax, ile inayogeuza alama kuwa migao ya jumla moja, inalipa neno moja karibu kila kitu, gradienti (zile namba za kurekebisha modeli) zinafifia na modeli haijifunzi. Akaendelea, na alama ikifika 100 kwa float32, namba za desimali za biti 32? Softmax inapandisha e kwa kipeo cha alama, hapo inazidi kipimo, ukipita kama 88 unapata inf (isiyo na mwisho), ukigawanya inf kwa inf inakuwa nan (si namba), kwa hivyo kwanza unatoa ile alama kubwa ya kila safu na jibu linabaki lile lile. Tukafika hadi maandishi marefu, kwamba urefu ukiwa mara mbili hesabu inakuwa mara nne.

Yaani kodi ilikuwa kidogo, mengine yote maongezi. Na hapa ndo watu wetu wazuri wanaangukia, mana tumelelewa mbele ya mkubwa unatulia, ukifungua mdomo uwe na uhakika. Binamu yangu wa Lamu, kichwa kile wallahi, alikaa kimya akafikiria mpaka akapata jibu, na lilikuwa sahihi, wakamkataa eti hawakuona alivyofika. Iliniuma sana, yule ananizidi mbali. Kumwambia mtu "hapa sina uhakika, nadhani ni hivi kwa sababu hii" si utovu wa adabu, ndo kitu wanataka kusikia, hata Kiingereza chako kikiwa cha kukatika katika.

Kampuni nazo zijirekebishe. Kuna moja ilinipa kazi ya nyumbani ikala wikendi nzima, nikatuma, kimya mpaka leo. Hata "hapana" ya mstari mmoja? Mtu ameacha vibarua vyake kwa ajili yenu.

Sahii mimi na binamu tunapigiana baada ya isha, mmoja anauliza, mwingine anaandika huku anaongea, tunaanza na Kiswahili ndo tuhamie Kiingereza. Mwenye intavyuu karibuni aniandikie tumuingize.