Hesabu ya gozi thieta

Nesi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, husifiwa kwa wepesi wa mkono: daktari akinyoosha kiganja, koleo limeshatua. Wepesi unapendeza, lakini mimi humtazama kwanza anavyohesabu gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu.

Chukua upasuaji wa kujifungua. Kabla kisu hakijagusa ngozi, wanahesabu wawili: skrabu, yaani nesi anayempa daktari vifaa mezani, na mwenzake anayezunguka chumbani. Wote wanatazama, wote wanatamka kwa sauti, kila gozi ikitenganishwa na nyenzake. Kuangalia bunda lililofungwa ukasema "kumi" si kuhesabu. Pale gozi zinapokatwa na kukunjwa hospitalini kwa mkono, mtu aliyechoka hufunga 9 au 11. Bunda la namna hiyo halijazwi wala kupunguzwa; linatolewa lote na kutengwa, lisiingie kwenye hesabu.

Ubaoni, mopu (gozi kubwa za tumboni) 5 zikiongezwa nyingine 5, andika 5 + 5. Ukifuta na kuandika 10, baadaye hutajua kosa liliingilia wapi.

Hesabu inarudiwa kabla ya kufunga mfuko wa uzazi (hii ndiyo inayorukwa sana), kabla ya kufunga tumbo, na wakati wa kushona ngozi. Anzia kwenye kidonda, uende meza ya skrabu, troli, kisha ndoo. Usibadili mwelekeo.

Zilizotumika zikunjuliwe na kupangwa tano tano. Zikiachwa ndooni zimevimba damu, mbili hugandana zikaonekana moja. Ukizipanga hivyo ni rahisi pia kuzipima: gramu 1 ni takriban mililita 1 ya damu. Mopu 5 zenye gramu 100 zikiwa kavu, zikifika 450, zimebeba kama mililita 350. Ila maji ya uzazi nayo huingia humo na kwenye chupa ya kufyonzea, kwa hiyo isome chupa hiyo kabla kondo halijatoka, usije ukayahesabu kama damu.

Gozi isikatwe vipande, na isiyo na uzi unaoonekana kwenye eksirei isiingie tumboni kabisa.

Hesabu ikikataa, skrabu anasema wazi: "Daktari, gozi moja haipo." Kunong'ona na anayezunguka ni kupoteza muda. Kama hali ya mama inaruhusu, kushona kunasimama. Daktari anapapasa tumboni, hasa nyuma ya mfuko wa uzazi na pembeni mwa utumbo. Anayezunguka anatafuta kwenye beseni la kondo, chini ya mashuka, nyayo za viatu, hata kwenye kitambaa alichofungiwa mtoto. Ndiyo maana taka na nguo chafu hazitoki chumbani mpaka hesabu ya mwisho ikubali. Isipoonekana, eksirei ipigwe mama akiwa bado thieta, na yote yaandikwe kwenye faili.

Hesabu iliyokubali nayo hudanganya. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003, miongoni mwa wagonjwa waliosahauliwa vitu mwilini na waliokuwa wamefanyiwa hesabu, asilimia 88 hesabu yao ya mwisho ilidhaniwa kuwa sahihi. Upasuaji wa dharura uliongeza hatari karibu mara 9.

Zamu ikibadilika katikati, anayeingia asipokee namba ya ubaoni kwa imani. Ahesabu pamoja na anayetoka kila kinachoonekana, na kilichomo tumboni kitajwe kwa jina: "mopu mbili, kulia."