Ayalandi ni tajiri sana, ila jaribu kupata chumba

Kila ile orodha ya nchi tajiri duniani ikizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp lazima mtu aulize hii Ayalandi imetokea wapi, maana iko juu ya Marekani kabisa, pato la taifa ukiligawa kwa kila kichwa linapita dola laki moja kwa mwaka. Afu wanaanza kuulizana viza inapatikanaje.

Nchi yenyewe ina watu milioni tano na ushee tu, na hela nyingi hapo inapita kama basi la mkoani linavyopita stendi. Kampuni kubwa za Marekani za teknolojia na dawa zilifuata kodi ya faida ya asilimia 12.5, zikasajili haki miliki zao pale, faida ya dunia nzima inaandikwa Dublin, mji wao mkuu, na wenye hisa wako zao California. Mwaka 2016 ndo ikawa kituko, takwimu zikatoka kwamba uchumi umekua asilimia 26 kwa mwaka 2015 peke yake. Ishirini na sita! Na mtaani hakuna kilichobadilika, ni kampuni chache tu zilihamisha mali za kwenye makaratasi, Apple ndo ilitajwa zaidi. Mchumi Paul Krugman akauita uchumi wa leprechaun, vile vijitu vya kwenye hadithi zao vinavyoficha dhahabu. Wenyewe wakaona aibu, 2017 ofisi yao ya takwimu ikaanza kutoa kipimo kingine kinachoondoa hayo mapepe, na kwa mwaka 2023 pato la taifa lilikuwa zaidi ya euro bilioni 500 ila kipimo hicho kikasoma chini ya 300. (Tusicheke sana, Kenya nao 2014 walibadili namna ya kupima, pato likapanda kwa robo hivi, watu wakaamka nchi ya kipato cha kati na unga bei ile ile.)

Sasa wengi wakishaijua hiyo stori wanasema kumbe utajiri feki, hapo mi sikubali. Kazi zipo, watu wanaishi kupita miaka 80, na kodi ya hizo kampuni ni hela kweli inayoingia serikalini. 2024 mahakama ya Ulaya iliamua Apple iilipe Ayalandi euro bilioni 13 za kodi ya nyuma, na serikali yenyewe ndo ilikuwa mahakamani inapinga kulipwa, jamani!

Ila na hela zote hizo nenda katafute nyumba Dublin. Euro elfu mbili kwa mwezi ni kitu cha kawaida, mtu ana miaka thelathini na kazi nzuri bado analala chumba alichokulia kwa mama yake, mwenzie kakata tiketi ya Australia, na wageni wanaokuja kufanya kazi hospitali na nyumba za wazee wanaishia kushea chumba. Mwaka 2025 waliokuwa kwenye makazi ya dharura ya wasio na nyumba walivuka elfu 15, na humo kuna maelfu ya watoto.

Kabla ya 2008 walikuwa wanajenga hadi karibu nyumba elfu 90 kwa mwaka, benki zikaanguka, mafundi wakahama nchi, 2013 hazikufika hata elfu 10. Mwaka 2024 zilikuwa elfu 30 na kidogo, pungufu ya mwaka uliotangulia, na zinazohitajika zinakadiriwa kama elfu 50. Kwahiyo hazina imejaa ila fundi hayupo, kibali kinachelewa, na kikitoka majirani wanapeleka pingamizi kwamba ghorofa litawazibia jua.

So ukiniuliza kuhusu kwenda huko, mshahara tutaongea baadae, kwanza niambie una mtu wa kukupokea? Miji mingine kama Cork na Galway ni nafuu kuliko Dublin, nafuu kidogo tu, na vyumba huko navyo ni vya kugombania.