Ya tisa haihesabiwi

"Ni taa nzuri sana, fundi. Bado si hanukia."

Hanukia ni kinara cha taa cha Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya usiku nane. Maneno hayo aliyasema mzee wa kamati Jumatatu jioni, kiganja chake kimetua juu ya taa ya katikati, na leo Jumapili bado yananizunguka. Wiki yenyewe haikuwa ndogo: tumehamia nyumba mpya, Nuru kamaliza mitihani, theluji ya kwanza imedondoka Brooklyn. Lakini nikifumba macho ni sauti ya mzee yule.

Nilimjibu, "Mbona zote 9 zimelingana? Nimezipima kwa pima maji."

Akasema, "Ndiyo shida yenyewe."

Ni ile kazi niliyowaeleza mwezi uliopita, hanukia ya alumini ya bustani ya mtaa, kimo futi 9, matawi ya mshazari yasiyopinda. Umbo niliiga kwa ile kubwa ya Manhattan, pale Fifth Avenue na mtaa wa 59, iliyochorwa na msanii Yaacov Agam. Hiyo ina kimo cha futi 32 na uzito wa paundi 4,000, na futi 32 si za mbwembwe. Sheria ya Kiyahudi inasema taa ya Hanuka iliyopita dhiraa 20 kwenda juu haihesabiki, kwa kuwa jicho la mpita njia halifiki huko. Dhiraa 20 ni kama futi 32 hivi. Ukivuka hapo umejenga mnara. Matawi yaliyonyooka nayo yametoka kwenye mchoro wa Musa bin Maimuni, tabibu na mwanachuoni aliyefia Misri mwaka 1204. Yote hayo niliyasoma nikayafuata. La shamashi, ile taa ya katikati, nikalipita, na hilo ndilo lililoniuma.

Taa za Hanuka ni 8, kila usiku inaongezwa moja. Mwanga wake hautumiki kwa shughuli: husomei, huhesabii pesa, hutafutii funguo. Ni wa kutazamwa tu. Ya 9 ni shamashi, yaani mtumishi. Ndiyo inayowashia wenzake, na mtu akinufaika na mwanga, inachukuliwa kuwa amenufaika na ule wa mtumishi. Kwa hiyo zile 8 zikae mstari mmoja, kimo kimoja, zikiachana kiasi cha ndimi za moto kutoungana, na ya 9 ijitenge ionekane kuwa si mwenzao. Ukizilinganisha zote kama nilivyofanya mimi, anayepita usiku wa tatu anaona taa 4 na hajui ni usiku wa ngapi. "Ndiyo shida yenyewe." Alisema taratibu, bila ukali. Angefoka ningelala vizuri zaidi.

Nilitaka kukata na kuchomelea upya. Bosi akanizuia, na alikuwa sahihi: alumini ikishapata moto mahali pamoja mara mbili inalegea, na shina la katikati ndilo linalobeba kila kitu. Tukakata juu ya kiungo kwa grainda, tukachomeka ndani bomba la mraba jembamba ili taa ya katikati ipande juu ya wenzake, inchi 6 zimezama na 6 zimebaki nje, tukatoboa na kufunga bolti mbili zinazokatana, moja mbele nyuma, moja kulia kushoto. Bolti mbili za upande mmoja zingeacha bomba licheze kwenye upepo, na likicheza, chemni inagonga kikombe chake na kupasuka.

Maana taa ni za chemni kweli, si balbu. Marabi wengi hawaikubali balbu kwa mitzva hii, yaani amri ya dini. Wanataka mafuta na utambi viwepo pale pale wakati wa kuwasha. Hapo ndipo wiki ilipogeuka. Alhamisi mzee alirudi na vijana wawili kujaribu, na kila taa ikatoa masizi, vioo vikawa vyeusi ndani ya dakika 5. Utambi walikuwa wameuvuta juu mno na kuukata upande. Nikawaonyesha kama Bibi alivyokuwa akifanya Tanga kila magharibi: kata utambi mkavu, mnyoofu, halafu punguza ncha mbili za pembeni kidogo tu, la sivyo moto unaota pembe. Jaza, ngoja robo saa utambi unywe. Washa chini, weka chemni, acha kioo kipate joto kwanza, ndipo upandishe. Kioo cha moto kisiguswe na theluji.

Mzee alikata ya shamashi kwa mkono wake, miwani ikiwa puani. Moto ukasimama bapa, wa manjano, bila moshi. Akaniomba mkasi wangu abaki nao mpaka usiku wa nane. Nimempa.

Leo, saa kumi na moja na nusu, ilikuwa usiku wa kwanza. Dua za usiku wa kwanza ni 3, zinazofuata ni 2. Shamashi juu, na moja tu chini yake, kulia kabisa kwa anayetazama. Kesho inaongezwa ya kushoto kwake, na hiyo mpya ndiyo itakayotangulia kuwashwa. Tumelaza mifuko 8 ya mchanga kwenye kitako na haikutikisika. Ninachokiangalia ni Ijumaa, usiku wa sita: zitawashwa kabla jua halijazama kwa ajili ya Sabato, na ziwake mpaka nusu saa baada ya giza kuingia, wala hakuna wa kuongeza mafuta hapo katikati. Nimewaambia robo kikombe kila taa, na wapime kwa kikombe, si kwa jicho.

Mama hajapokea simu tangu Alhamisi. Dada anasema ni kioo cha simu tu kimepasuka, na dawa za presha anazo. Nitapiga tena saa tano usiku, huko itakuwa saa moja asubuhi, atakuwa ameshaamka.