Bibi, makonyo na "taka" iliyojificha

Msimu wa karafuu uliopita, tumekaa barazani usiku kwetu Wete, Pemba, tunachambua, karafuu huku, makonyo (vile vikonyo vyake) kule, nikawa namsomea bibi sentensi za lugha ninayoitunga. Nimeianza nikiwa kidato cha pili, na sasa imejaza kaunta buku mbili. Bibi akasikiliza, kisha akauliza: "Na 'atakayekuja kesho' wanasemaje hao watu wako, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Lakini lile neno halikunitoka kichwani. Tunasema *atakuja*, halafu tunasema *atakayekuja*. Hiyo "ka" imetoka wapi? Ni kitenzi *taka*. Katika *atakuja* kimechakaa ikabaki "ta". Penye kirejeshi, ile "ye" ya *atakayekuja*, kimesalia kizima. Wakati ujao wetu ulianza na kutaka, na miaka yote naongea sikuuona.

Basi anayetunga lugha akiniuliza aanze na kitabu gani, namtajia *World Lexicon of Grammaticalization* cha Bernd Heine na Tania Kuteva, cha 2002. Kimepangwa kama kamusi. Unatafuta kutaka, kwenda au kumaliza, unaoneshwa vitenzi hivyo vimegeuka nini katika lugha mbalimbali. Hata *will* ya Kiingereza ilikuwa kutaka. Nilifuta viambishi vyangu vyote vya nyakati, nikaanza upya na vitenzi vizima, nikavichakaza kidogo kidogo.

Atlasi ya WALS (World Atlas of Language Structures), inayolinganisha miundo ya lugha za dunia, iko bure mtandaoni, ipitie kabla hujajisifu. Mimi niliweka kitenzi mwisho wa sentensi nikidhani ni ajabu. Kumbe kati ya lugha 1,376 walizozipanga kwa mfuatano wa maneno, 564 huweka kiima (mtenda), kisha yambwa (mtendwa), kitenzi mwisho. Ndio mpango ulio mwingi kuliko yote.

Cha tatu ni *Describing Morphosyntax* cha Thomas Payne, 1997. Kimeandikwa kwa wanaokwenda kuandika sarufi ya lugha isiyoandikwa, kimejaa maswali. Kila swali namuuliza bibi kwanza, anijibu kwa Kipemba chake, ndipo nalijibu kwa lugha yangu.

Juzi nikampelekea jibu lake jikoni. Kutaka ni *sulo*. *Soneha* ni atakuja. *Sulorineha* ni atakayekuja. Akalirudia mara mbili, polepole, mwiko mkononi.

"Na asiyekuja?"

Nimerudi kwa Payne, kwenye ukanushi.